Miraa, Vidonge na Khofu Isiyoondoka

Ndugu zangu Waislamu wa Chakol, Amukura, Busia na Malaba, na kila atakayefikiwa na karatasi hii: maneno ya leo yametokana na kosa langu mwenyewe, na nimeona ni wajibu kuyaandika ili mwenzangu asije akalirudia kosa lile.

Katika darasa letu la baina ya Magharibi na Isha alikuwako kijana mmoja mpole, mwepesi wa kuhifadhi. Kazi yake ilikuwa utingo wa malori. Nanyi mwayajua maisha ya Malaba: malori hupanga mstari mrefu yakingojea kuvuka kwenda Uganda, na mwenye mzigo hataki kusikia khabari ya usingizi. Kijana yule akawa akitafuna miraa ili akeshe. Kisha jani likawa halimtoshi, akaongeza vidonge vya kukesha alivyouziwa na wapita njia, ambavyo hata jina lake hakulijua. Akaishi hivyo miaka minne. Ramadhani moja Mwenyezi Mungu akamwongoza, akaviacha vyote. Tukamshukuru Mola, tukadhani jambo limekwisha.

Halikwisha. Mwezi wa nne baada ya kuacha, tukaanza kumwona akisimama safu ya mwisho, karibu na viatu. Imamu akitoa salamu, yeye amekwisha ondoka. Darasani hukaa ameegemea ukuta, na macho yake yako mlangoni. Honi ya lori ikilia barabarani hushtuka akatoka jasho. Siku moja mimi, mbele ya wenziwe, nikamwambia kwamba moyo wenye imani hauogopi kivuli, na lau angaliacha miraa kwa ajili ya Mungu kweli, utulivu ungalimjia. Hakunijibu neno. Wiki tatu hakuonekana. Mama yake, kwa uchungu wa mwana, akamtafuta mganga ng'ambo ya mpaka, akaambiwa mwanawe amepagawa na jini la njiani. Akauza mbuzi wawili, akarudi na hirizi. Khofu haikutoka, na mbuzi hawakurudi.

Basi tazameni, ndugu zangu. Mganga alisema jini. Mimi nilisema upungufu wa imani. Yeye alichukua mbuzi, nami nilichukua heshima ya kijana mbele ya wenziwe; wala hapana hata mmoja katika sisi aliyeuliza swali lililo jepesi kuliko yote: Je, mwili huu ulilishwa nini kwa miaka minne, na kilicholishwa huacha nini nyuma yake?

Jibu la swali hilo nimelipata kwa viumbe ambao sikutaraji kuwa walimu wangu. Lakini Mwislamu hana sababu ya kuona haya kufundishwa na mnyama. Katika Suratul Maida twasoma kisa cha wana wawili wa Adam: muuaji alishindwa kujua la kufanya na maiti ya nduguye, mpaka Mwenyezi Mungu akamleta kunguru akifukua ardhi, naye akajifunza kwake. Na katika Suratul An'am twaelezwa kuwa wanyama na ndege ni umma kama sisi tulivyo umma. Tena imepokewa khabari ya yule ngamia aliyelia mbele ya Mtume, rehema na amani zimfikie, ndani ya shamba la Ansari mmoja. Mtume akampangusa machozi, akamwita mwenyewe, akamkumbusha kumcha Mungu kwa mnyama anayemtaabisha kwa njaa na kazi. Ngamia hakuwa na ulimi wa kusema. Hali yake ndiyo iliyosema, na Mtume akaisoma.

Wataalamu wa zama hizi nao hujitahidi kuisoma hali ya mnyama. Wamebuni njia nyingi za kupima khofu ya panya, na moja iliyo mashuhuri imeenea katika maabara za dunia tangu mwaka 1985. Hutengenezwa njia panda ya mbao, mfano wa msalaba, ikainuliwa juu ya ardhi kiasi cha nusu mita. Mikono miwili ya njia hiyo ina kuta, na miwili iko wazi, haina ukingo. Panya huwekwa katikati, akaachwa dakika tano. Kwa tabia aliyoumbwa nayo, panya hupenda pembezoni na gizani. Lakini pia ameumbwa na udadisi, basi aliye mzima hutoka mara kwa mara akachungulia upande ulio wazi. Aliye na khofu nyingi hujibanza penye kuta. Walimu wa njia hii waliihakiki kwa kuwapa panya dawa ambazo matabibu huwapa binadamu ili kutuliza wasiwasi, na panya wale wakazidi kutoka nje.

Ziko njia nyengine mbili zilizo rahisi kufahamika. Ya kwanza, panya hutiwa ndani ya kisanduku chenye giza kilichofunguka kwenye uwanja ulio wazi, ukatazamwa muda atakaokaa kabla ya kuthubutu kutoka. Ya pili, hukutanishwa na panya mgeni, ukatazamwa muda atakaokaa naye wakinusana na kufuatana kama ada yao.

Sasa sikilizeni yaliyoonekana Sydney, katika nchi ya Australia. Mwaka 2001 watafiti wa huko walitangaza khabari ya panya waliopewa dawa ya starehe iitwayo MDMA, ambayo vijana wa miji mikubwa huinunua kwa jina la ekstasi ili wacheze ngoma usiku kucha. Panya wale hawakupewa dawa hiyo kwa miaka, wala kwa miezi: walipewa kwa siku mbili tu zilizofuatana. Wenzao walipewa maji matupu ya chumvi ili wapate kulinganishwa. Kisha wote wakaachwa miezi mitatu, hawapewi kitu. Na miezi mitatu katika umri wa panya si muda mdogo, kwani huishi miaka miwili au mitatu tu. Baada ya hapo ndipo walipopimwa. Wale waliopewa dawa walichelewa kutoka kisandukuni, wakawa wazito kumkaribia mwenzao. Dawa ilikuwa imekwisha mwilini zamani. Khofu ilikuwa imebaki.

Niliposoma hayo nilikiweka kitabu chini, nikamwona yule kijana wetu: ameegemea ukuta, macho mlangoni, anaikimbia safu ya wenziwe kabla ya kupeana mikono.

Zingatieni, ndugu zangu, kwa nini ushahidi wa panya una nguvu katika jambo hili. Mwanadamu akishikwa na wasiwasi, sababu ni elfu. Ana deni, ana mke mgonjwa, ana jirani mwenye husuda, amefiwa, amesikia mahubiri ya kumtisha. Hata mtu akionyesha kwamba watafunaji wa miraa wana wasiwasi zaidi kuliko wengine, mwenziwe aweza kumwambia: labda walikuwa na wasiwasi tangu zamani, na ndio uliowapeleka kwenye jani. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini panya hana deni. Hakuna aliyemhusudu. Hakuna aliyemfanyia uchawi, wala hana imani ya kupungua. Amezaliwa katika kizimba kimoja na wenziwe, akala chakula kimoja nao, na tofauti yao ni kile alichopewa. Basi akiogopa, twajua khofu yake imetoka wapi. Mganga hana la kumwambia panya huyu, na mimi niliyemlaumu kijana kwa imani haba sina la kumwambia pia.

Atauliza mwenye kuuliza: MDMA ni kidonge kilichofanywa na watu, na miraa ni jani la Mungu linalotoka milima ya Nyambene katika Meru, yanahusianaje? Jibu ni kwamba yana nasaba. Mwaka 1975 wataalamu wa maabara ya Umoja wa Mataifa walitenga ndani ya jani bichi la miraa kitu kiitwacho kathinoni. Maumbile yake yanakaribiana sana na amfetamini, na MDMA nayo ni ya ukoo huo huo. Kathinoni ndiyo inayomkesha mtu na kumpa maneno mengi. Jani likinyauka, hugeuka ikawa kitu dhaifu zaidi. Ndiyo maana wauzaji hulifunga kwa majani ya mgomba na kulikimbiza kwa magari ya mbio usiku kucha kutoka Maua hata kufika kwetu lingali bichi. Ule mwendo wa kuhatarisha roho za watu barabarani unafanywa kwa ajili ya kuiwahi kathinoni isife.

Na hata kathinoni yenyewe imeshuhudiwa na wanyama, tena katika nchi yetu hii ya Kenya. Watafiti waliwapa tumbili kathinoni kwa muda wa miezi, na wale waliopewa kiasi kikubwa wakazidi ugomvi, wasiwasi na kujitenga na wenzao. Tumbili ni kiumbe anayeishi kwa jamaa: huchambuana manyoya, hukaa pamoja. Kumwona tumbili anajitenga ni kama kumwona mtu wa jamaa anayehama barazani.

Sharti tuseme kweli, kwani mwenye kuilinda dini kwa kutia chumvi huiumbua. Kathinoni iliyosafishwa maabara si sawa na kifungu cha jani, na kidonge cha ekstasi kina nguvu kuliko miraa. Panya si mtu, na kiasi cha dawa wanachopewa mara nyingi ni kikubwa kwa uzito wao. Tena wako wazee waliotafuna miaka arubaini, nao wanasali safu ya kwanza. Haya yote twayakubali. Tunalolisema ni hili tu: dawa za ukoo huu zaweza kuacha khofu nyuma yake baada ya wenyewe kuaga, na mtu hajui kabla ya kuonja kama yeye ni katika watakaosalimika au watakaobaki nayo. Na mwenye kuchanganya jani na vidonge asivyovijua jina amejitia katika giza juu ya giza.

Sasa tuitazame sheria yetu tukufu. Jani hili halikutajwa kwa jina katika Kitabu wala katika Sunna, kwa kuwa halikuwa likijulikana kwa watu wa Hijazi zama zile. Lakini khitilafu juu yake ni ya kale. Sheikh Ibn Hajar al-Haytami, aliyekufa Makka mwaka 1567, aliletewa maswali kutoka Yemen, ambako wanazuoni walikuwa wamegawanyika, hawa wakiharimisha na hawa wakihalalisha. Akaandika risala nzima ya kuwatahadharisha watu na jani hilo. Hakukata kwa yakini kwamba ni haramu, na moja katika sababu zake ni kuwa waliompa khabari walikhitalifiana: mmoja asema latia nguvu, mwengine asema laharibu mwili na akili. Akanasihi watu wajiepushe nalo, kwa kuwa mambo yenye shaka kuyaacha ni salama kwa dini ya mtu.

Tazameni adabu ya mwanazuoni yule. Alitaka mashahidi, na mashahidi wake wote walikuwa na hawaa: mpenda jani husifu, na mchukia jani hulaani. Leo, baada ya karne nne na nusu, Mwenyezi Mungu ametuletea mashahidi wasio na hawaa, wasiouza wala kununua, wasiojua kama ushahidi wao utampendeza nani. Mimi si mufti, wala sitoi fatwa katika karatasi hii. Lakini nasema: mwenye kusimama leo mahali pa Ibn Hajar hawezi kujifanya hakuwasikia. Mtume wetu ametufundisha kuacha kinachotutia shaka tukashika kisichotutia shaka. Na ametukataza kudhuru na kudhuriana. Na imepokewa kwa Bibi Umm Salama kwamba alikataza kila chenye kulevya na kila chenye kulegeza. Hii ndiyo mizani. Kila mmoja na ajipime.

Wala asitwambie mtu kwamba sheria ya serikali yatosha kuwa mwongozo wake. Katika Kenya miraa ni zao linalotambuliwa na sheria. Tanzania, mtu akikutwa nalo ametenda kosa. Uingereza waliliruhusu hata Juni 2014, kisha wakalipiga marufuku. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walilitazama mwaka 2006 wasione haja ya kulitia chini ya udhibiti wa mataifa, ilhali kathinoni yenyewe imo katika orodha iliyo kali kuliko zote ya mkataba wa mwaka 1971. Mei 2024 Gavana wa Mombasa alikataza muguka, na baada ya siku chache mahakama ya Embu ikaisimamisha amri yake. Amri za dola hupanda na kushuka, na sisi wakaazi wa mpakani twajua kuliko wengine kwamba kilicho halali hapa chaweza kuwa kosa hatua mia mbele. Lakini mwili wa mtu hauna mpaka. Alilolimeza Malaba ya Kenya atavuka nalo.

Nina nasaha nne, nazisema kwa ufupi.

Kwanza, kwa kijana anayetafuna au kumeza: usijidanganye kwamba siku utakayoacha ndiyo siku utakayorejea kama ulivyokuwa. Huenda ukarejea upesi, huenda ukakawia. Acha leo, kwani deni dogo hulipika. Na wewe uliyekwisha acha kisha ukaona khofu imekujia nyuma, usiseme, "Basi heri nirudi kwenye jani linitulize." Huko ni kukopa kwa riba ili kulipa riba. Nenda hospitali, umweleze tabibu kweli yote, uliyotafuna na uliyomeza, bila kuficha. Mtume wetu ametuamrisha tujitibu, na kumficha tabibu ugonjwa ni kuivunja nusu ya amri hiyo.

Pili, kwa wazazi: Qur'ani kumsomea mgonjwa ni jambo jema lisilo na ubishi, na dua ya mama haina pazia. Lakini hirizi ya kununuliwa kwa mbuzi wawili si dua ya mama. Mwenye kukwambia jini kabla ya kuuliza mwanao amekula nini, huyo hakutafuti afya bali akutafuta mfuko. Msomeeni wanenu Qur'ani, kisha muwashike mkono muwapeleke kwa tabibu. Hayo mawili hayagombani.

Tatu, kwa matajiri wa malori na madalali wa mizigo, na wengine wenu mwasali nasi: Mwenyezi Mungu amejaalia usiku kuwa vazi na usingizi kuwa mapumziko. Mkimwajiri mtu kwa masharti yasiyowezekana ila kwa kukesha siku tatu, mmemtia jani kinywani kwa mkono wenu, hata kama hamkulinunua. Ngamia wa Ansari alilalamika kwa kazi nyingi na njaa, na bwana wake akaulizwa. Je, utingo ni duni kuliko ngamia?

Nne, kwa maimamu na walimu, nami ni wa kwanza wao: tusiifanye imani kuwa fimbo ya kumpigia mgonjwa. Khofu iliyomo mwilini haifukuzwi kwa kumfedhehesha mtu. Nabii Musa, amani iwe juu yake, aliona khofu moyoni mwake siku ya wachawi wa Firauni, na hakuna aliyesema imani yake ilikuwa haba. Mola wake alimtuliza kwa neno jema, naye akasimama.

Bado neno moja juu ya wale wanyama. Mwenye kumcha Mungu hawezi kupita juu ya taabu yao kama kwamba hakuiona. Twajua khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia bila chakula, na ya yule aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Panya wale na tumbili wale walitiwa khofu ambayo hawakuitafuta, ili sisi tujue. Haki yao iliyo ndogo kabisa kwetu ni kwamba tusikie. Itakuwa aibu kubwa ikiwa kiumbe aliingizwa katika khofu kwa lazima ili kutuonya, nasi tukaingia katika khofu ile ile kwa hiari, tena kwa kulipa fedha.

Ama yule kijana, nilikwenda kwao kumwomba radhi. Nilimkuta uani amekaa na mama yake, naye alinisamehe upesi kuliko nilivyostahili. Anakwenda kwa tabibu. Usingizi umeanza kumrudia, ingawa honi za malori bado zinamshtua. Tumelihamisha darasa letu tukaliweka barazani nje ya msikiti, mahali pasipo ukuta wa kumbana wala mlango wa kuuangalia, na hapo anaweza kukaa nasi mpaka mwisho. Wiki iliyopita alisoma ukurasa mzima kwa sauti, na alipokosea alicheka. Bado husali safu ya mwisho, hatumwiti mbele. Atakuja mwenyewe siku Mwenyezi Mungu atakayomjaalia.

Ewe Mola wetu, zilinde akili za vijana wetu, uzitulize nyoyo zilizofadhaika, utusamehe tuliyoyasema kwa ujinga juu ya waja wako wagonjwa, na utujaalie kuwa wenye kusikia onyo, hata likija kwa kunguru, hata likija kwa panya. Amin. Na tawfiki ni kwa Mwenyezi Mungu.